Risala ya Majirani wa Laini ya Tatu Kuhusu Mlango wa Mzee Phares

Mgeni wetu rasmi, Bwana Bedan Wanyoike, meneja mpya wa Mtaa wa Penoki. Mwenyekiti wetu Bwana Maingi. Wachungaji mlioketi pamoja bila kuulizana makanisa. Akina mama na akina baba. Na nyinyi vijana mlioparamia ukuta ingawa viti vipo: hamjambo nyote.

Sisi ni majirani wa Laini ya Tatu, safu ya nyumba zilizo karibu na reli. Risala hii tumeitunga pamoja, ikaandikwa na Teresiah, ambaye wengi hapa humwita Shosho, bibi yao, na ndiye anayeisoma, akiongeza kwa mdomo yaliyotokea leo. Akinyamaza kidogo kupumzisha macho, tafadhali msidhani imekwisha mkaanza kupiga makofi.

KARIBU

Bwana Meneja, karibu sana. Umekuja kutuzindulia tangi la maji, na tangu asubuhi watoto wamekuwa wakiligonga wasikie linavyoitika. Tumekuona ulivyokuja. Uliacha gari lako nje kwa sababu njia ilikuwa na nguo zilizoanikwa, ukaja kwa miguu. Ulipofika kwenye kamba uliinama, ukainua shuka lililokuwa likichuruzika maji, ukapita, na shuka halikugusa vumbi. Huenda wewe umeshasahau. Lakini shuka lile lina mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kutangaza habari hiyo katika laini zote.

Hata ulipokuja mara ya kwanza kujitambulisha tulikutazama. Ulipewa kile kiti chenye mito, ukampisha mama mkongwe akikalie, wewe ukakalia kreti ya soda. Ukiwa juu ya kreti hiyo ulitusimulia habari za kazi uliyojifunza mashambani Uingereza, kwenye ardhi ya wenye mtaa huu. Ulisema msimamizi wa kule hakai ofisini. Huvaa buti za mpira akazunguka, mara kwa mpangaji ambaye lango lake halifungi, mara kwa yule ambaye mtaro wake umezibwa na majani. Hujua ni ghala lipi linavuja, na ni mzee yupi hasemi kwamba linavuja. Ulisema mpangaji akifa, msimamizi huenda kwanza kutoa pole, akanywa chai na wafiwa, na maneno ya mkataba hungoja.

Ulisema na jambo jingine. Kule kuna nyumba ndogo za mawe ambazo zikikaa tupu wakati wa baridi huingiwa na unyevu, mabomba yakapasuka na kuta zikaota kuvu. Kwa hiyo ulimpa mama mmoja wa kijijini kazi ya kupita nyumba hizo, kuwasha moto na kufungua madirisha. Ulisema, "Nyumba hufa kwa kukosa moshi."

Hukujua kwa nini sisi wa Laini ya Tatu tulitazamana. Lydiah, jirani yetu mwenye kibanda cha mboga pale langoni, alinifinya mguu mimi Teresiah. Binti yake Kate, ambaye yuko chuo, akaninong'oneza, "Shosho, kumbe hata huko majuu watu hulinda keja!" Nikamwambia nyumba ni nyumba, si keja, na anyamaze, mgeni anaongea.

TULIKOTOKA

Wengi wanajua historia ya mtaa huu, lakini vijana wa ukutani hawaijui, basi tutaisema kwa ufupi. Familia ya Pennock, tuliyoitamka Penoki, ilikuwa na kiwanda cha mablanketi ng'ambo ya reli. Walijenga nyumba hizi za vigae vyekundu ili wafanyakazi wao walale karibu. Kiwanda kilifungwa, mashine zikachukuliwa, king'ora kikanyamaza. Nyumba zikabaki, nasi tukabaki ndani yake. Wenye mtaa wako mbali, lakini hatujawahi kuwaona kama wageni, na sababu yake ni sufu.

Sufu ilikuja kiwandani kwa marobota makubwa. Tulikuwa tukiambiwa kwamba nyingine ilinyolewa kwa kondoo wa wapangaji wa familia hiyo hiyo, kule kwao. Kama ni kweli au ni hadithi ya karani, hatukupata kujua. Marehemu Mama Adongo, mke wa Mzee Phares Owuor, alikuwa nasi katika chumba cha kuchambua. Mara kwa mara alikuta jani kavu ndani ya robota, au mwiba mdogo, akauweka kiganjani na kuniita.

"Teresiah, hebu tazama. Hii imetoka kwa jirani yetu."

"Jirani gani tena?"

"Mpangaji mwenzetu. Wa upande wa pili."

Tulicheka mpaka msimamizi akageuka. Lakini Adongo hakuutupa ule mwiba. Aliuchomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa, akatembea nao mpaka nyumbani.

Tangu ulipotusimulia habari za nchi ile, Bwana Meneja, mawazo yetu huenda huko bila kuaga. Alasiri moja mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikifuma, jua limelegea, na mngurumo wa Jogoo Road ukisikika kwa mbali kama mto uliofurika. Usingizi ukanichukua. Nikajiona nikitembea kwenye majani marefu yenye umande. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni kama ule wa kwetu Julai. Kondoo walikuwa wametulia, weupe, hawakuniogopa. Juu ya kilima palikuwa na milango, milango yetu hii ya Laini ya Tatu, imesimama yenyewe kwenye nyasi bila nyumba, na kila mmoja ulikuwa wazi kidogo. Adongo alikuwa anaanika nguo juu ya ua wa miti. Nikamuuliza, "Umefikaje huku?" Akanijibu, "Nimekuja kuona kama wamewasha moto." Kisha akaendelea kuanika, bila haraka, kama mtu aliye kwake.

Ndoto hiyo niliwasimulia majirani, nao ndio walioniambia niiandike humu. Mwenyekiti alisema ndoto haziingii katika risala. Tumeiweka hata hivyo, naye ametusamehe.

TULIYOFANIKIWA

Mafanikio yetu si makubwa, lakini ni yetu. Tumepanda miti kando ya reli na mbuzi wameturuhusu kubaki na mingine. Tunazika wafu wetu bila mtu kuachwa peke yake. Mvua ikinyesha, vijana hutoka bila kuitwa wakazibua mitaro. Mwaka uliopita paa la mama mmoja lilipoanza kuvuja juu ya kitanda, watu watatu walimkaribisha kwao kwa wakati mmoja, hata ikawa ugomvi.

Na tunalo jambo letu la kulinda nyumba. Lilianza siku za kiwanda, na akina Adongo ndio walioanzisha. Jirani akisafiri, huacha ufunguo. Jioni mmoja wetu huenda kupika kwenye nyumba hiyo. Hapiki kwake akapeleka. Hapana, hubeba unga wake, mboga yake na makaa yake, akawasha jiko la mwenye nyumba, na watoto wake wakaja kulia humo. Huanika nguo zake kwenye kamba ya mwenye nyumba. Hufungulia redio. Mwizi akipita huona maisha. Panya wakipita huona maisha. Na mwenyewe akirudi, hata akiwa amechelewa kiasi gani, hukuta nyumba ina joto na harufu ya chakula, asiingie kama anayeingia kaburini.

Hatukuwahi kulieleza jambo hili kwa ofisi. Hatukuona kwamba ni jambo. Nani huenda ofisini kueleza kwamba amemsalimia jirani?

LINALOTUSUMBUA

Sasa tunafika mahali pagumu kusoma, mtuvumilie.

Mama Adongo alituacha baada ya Pasaka. Mzee Phares alimpeleka kumzika nyumbani kwao Ugenya. Yeye alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya kuondoka alimpa Lydiah ufunguo, akasema neno moja tu: "Mnitunzie." Tulimsindikiza mpaka alipopanda gari la mazishi, laini nzima.

Alitarajia kurudi upesi. Lakini huzuni ilimshukia miguuni. Miguu ikavimba, akashindwa kutembea, na mvua zikamkuta huko. Kila Jumapili alimpigia Lydiah simu, naye Lydiah aliweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Nyumba yangu inapumua?"

"Inapumua, Baba. Leo imekula omena."

"Nani alipika?"

"Mimi."

"Basi imeteseka."

"Baba, aliyenifundisha ni mke wako!"

"Alikufundisha. Sikusema ulielewa."

Nasi tulimsikia akicheka, kicheko chembamba, cha mtu anayejaribu kama bado kinafanya kazi. Nyumba yake tuliilinda kuliko tulivyowahi kulinda nyumba yoyote. Kate alikwenda kusomea humo kwa sababu kwao kuna kelele. Dada yake Lydiah alipokuja kutoka Meru kwa matibabu, alilala humo ili kitanda kisisahau kazi yake. Kulikuwa na nguo zetu kwenye kamba, masufuria yetu jikoni, ndara za watoto mlangoni.

Jioni moja walipita wakaguzi wa ofisi. Hatuwalaumu, na tunaomba nao wasilaumiwe. Iko sheria hapa kwamba nyumba ni ya mpangaji mwenyewe, haruhusiwi kuikodisha kwa watu wengine akaenda zake. Sheria hiyo ni nzuri. Sisi wenyewe tuliiomba, wakati mabroka walipokuwa wakishika nyumba na kuwabana humo watu kama viazi kwenye gunia. Wakaguzi walisimama mlangoni pa Mzee Phares. Lydiah alikuwa na mwiko mkononi.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Na wewe unafanya nini humu?"

"Si unaona napika?"

"Unapika katika nyumba ya mtu?"

"Sasa nisipopika, nani atapika? Mwenyewe hayuko!"

Mkaguzi akaangalia ndani. Akaona vitabu vya msichana, mkoba wa mgonjwa, watoto wanne wasiofanana wakila kwenye sinia moja. Akauliza ni akina nani wanaoishi humo. Lydiah, kwa moyo wake mweupe, akamkaribisha chakula. Yule bwana akasema hapana, asante, akaandika. Kate alisema baadaye, "Hao wasee walidhani tumefungua lojing ya wageni." Tulicheka siku hiyo. Hatukujua.

Wiki iliyofuata tulikuta kufuli la ofisi mlangoni, na tangazo limebandikwa kwamba nyumba ilikuwa imekodishwa kinyume cha sheria, inarudi kwa wenye mtaa, na mwisho wa mwezi atapewa mtu mwingine aliye kwenye foleni ya wanaongoja. Huyo anayengoja hatumjui. Tunajua ni mtu kama sisi, na tunamwombea apate nyumba. Hatumwombei hii.

Tulikwenda ofisini. Tulipokewa vizuri, tukapewa maji ya kunywa, tukaambiwa wewe ulikuwa safarini kwa wenye mtaa na kwamba tungoje. Tumengoja. Masufuria ya Lydiah yamo ndani, hatuyadai. Vitabu vya Kate vimo ndani, amefanya mtihani kwa vya kuazima. Kinachotuumiza ni kwamba jiko halijawashwa tangu siku hiyo, na tunapopita mlango ule jioni tunashusha sauti zetu, kama tunaopita chumba cha mgonjwa.

Na jambo lililobaki ni zito zaidi. Mzee Phares hajui.

Miguu yake imepona. Anarudi leo. Binti yake aliyeko Mombasa alimwomba akaishi naye kando ya wajukuu. Huko Ugenya wapwa zake walimwambia, "Mzee, nyumbani ni hapa, unarudi kutafuta nini?" Lydiah alimuuliza swali hilo hilo kwa simu, kwa upole, akitumaini labda atasema anabaki. Mzee akasema, "Adongo nimemzika huku. Lakini huko ndiko alikoishi."

Mwenyekiti Maingi alituambia tumweleze ukweli kabla hajapanda basi. Alisema kweli.

"Mwambie wewe, Mwenyekiti," Lydiah akamwambia, akampa simu.

Mwenyekiti aliishika simu ile. Tulimsikia akisema, "Mzee wangu, habari ya huko? Mahindi yameshika?" Wakaongea habari za mahindi mpaka salio likaisha.

OMBI LETU

Bwana Meneja, tulipoanza kuandika tulikuwa na maombi mengi. Taa za njia ya nyuma. Mitaro mipya. Lango la upande wa reli, ambalo limeegemea ukuta kama mlevi. Tulipofika kwenye ombi la Mzee Phares tulisimama. Tuliangalia yale mengine, tukayafuta moja baada ya jingine.

Mwenyekiti alisema, "Shosho, risala ya ombi moja? Mgeni ataona hatuna shida."

Lydiah akamjibu, "Mwenyekiti, ukimwomba mtu vitu kumi, atakupa kilicho kidogo kuliko vyote na kwenda zake."

Basi tunalo moja. Taa tutaziomba siku nyingine; njia ya nyuma tunaijua hata gizani.

Tunaomba kwamba kabla ya kukata utepe wa tangi, utembee nasi mpaka mlango ule. Si mbali. Karani wako yuko pale, na tunaamini ana ufunguo wa kufuli, kwa maana tumemwona akiushika mfukoni tangu risala ilipotaja jina la Mzee Phares. Ufungue mwenyewe. Uingie, kama ulivyokuwa ukiingia kwa wapangaji wa kule na buti zako. Weka kiganja ukutani uone kama pana unyevu. Utaona koti la Mzee Phares limetundikwa kwenye msumari wake, limepigwa brashi. Utaona viatu vya Adongo chini ya kitanda, ambavyo hatukujua viwekwe wapi, tukavisogeza kila siku tukifagia na kuvirudisha. Tafuta mpangaji wa siri kadiri upendavyo. Hakuna mtu anayeishi humo. Tumo sisi sote, kidogo kidogo, kila mmoja kwa zamu yake, tukimngoja mwenyewe.

Ukishaona, uamue. Wewe ndiwe meneja, na hatutaki kukuaibisha mbele ya watu siku ya furaha yako. Ukisema mlango ubaki wazi, Lydiah ana makaa tayari na hatutakuchelewesha tena. Tangi litazinduliwa na maji ya kwanza yatakwenda kwenye birika la chai ya mgeni wetu.

Ukisema ufungwe, hatutapiga kelele, wala hatutang'oa kufuli. Tutakuomba jambo dogo tu. Usiondoke. Mzee Phares amepiga simu muda mfupi uliopita, basi lilikuwa limefika Gilgil. Alikuwa anauliza kama atakuta chakula. Jioni hii atashuka kwenye kituo cha Jogoo Road, na Kate atampokea na kumbebea mzigo. Atakuja polepole, maana miguu bado ni migeni kwake. Kaa nasi mpaka afike. Tutakupa kiti pale mlangoni. Kisha umweleze wewe, kwa sauti ile nzuri uliyotusimulia nayo habari za kondoo. Sisi tumejaribu, na midomo yetu imekataa.

Mungu aliyekupa mkono wa kuinua shuka la mtu akuongezee nguvu katika kazi hii ngumu ya kuangalia nyumba za watu. Awabariki wenye mtaa huko waliko, awape mvua ya kiasi. Awalinde wapangaji wenzetu wa upande wa pili, na mioto yao isizimike. Awapumzishe waliotutangulia. Na ampe Mzee Phares safari njema katika kipande kilichobaki.

Hatuna zaidi. Tunakunja karatasi, na tunasimama ili tukuonyeshe njia.

Ni sisi,
Majirani wa Laini ya Tatu, Mtaa wa Penoki,
kwa mkono na sauti ya Teresiah.